Kukabidhi na Kupokea: Uhakiki wa Istilahi za Kumbukumbu ya Kompyuta

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hasa tangu Tafsiri Sanifu ilipoanza kutolewa mwaka 1974, kazi ya kusanifu istilahi imekwenda kwa njia inayojulikana. Huchukuliwa orodha ya maneno ya kigeni, kila neno likatafutiwa mwenzake wa Kiswahili, kisha orodha ikapelekwa mbele ya kamati. Njia hiyo imetufaa sana. Katikati ya miaka ya 2000, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi zinazosema Kiswahili, watumishi na wanafunzi waliweza kufungua faili, kuihifadhi na kuichapisha bila kutoka nje ya lugha yao. Maneno hayo yalikubalika upesi kwa sababu kila moja lilikuwa na kitu chake: msomaji aliona neno, akaona na kitu chenyewe kwenye skrini.

Lakini zipo istilahi ambazo si majina ya vitu. Ni majina ya ahadi. Husema nini kitatangulia, nini kitafuata, na nani ana haki ya kuamini kwamba kilichotangulia kimekwisha. Istilahi za namna hii haziwezi kupatikana kwa kulinganisha orodha mbili, maana msomaji hana kitu cha kutazama ili ajisahihishe; akipewa neno baya, atajifunza jambo baya, wala hatajua.

Makala haya yanahakiki fungu moja dogo la istilahi hizo: zile zinazohusu jinsi nyuzi mbili au zaidi za programu zinavyosoma na kuandika katika kumbukumbu moja ya kompyuta. Fungu ni dogo, lakini mali za watu hupita juu yake kila siku. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mtu anayetoa fedha kwa wakala hutegemea programu inayoshughulikia maombi mengi kwa wakati mmoja, na programu ya namna hiyo husimama au huanguka kwa mambo tutakayoyaeleza hapa. Vijana wanaofundishwa kutunga programu hizo hufafanuliwa mambo hayo kwa Kiswahili kila somo linapokuwa gumu. Swali letu ni kama Kiswahili hicho kinawasaidia au kinawapoteza.

Jambo lenyewe

Kabla ya kuhukumu neno, hapana budi tulielewe jambo. Tutachukua mfano kutoka Saza, kata ya wachimba dhahabu katika Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe, ndani ya eneo la dhahabu la Lupa. Mgodi mkubwa wa zamani wa hapo ulihesabiwa kuwa wa pili kwa kutoa dhahabu nchini, baada ya Geita, kati ya mwaka 1939 na 1956. Leo wachimbaji wadogo hushuka katika maduara, mawe hupandishwa kwa viroba, husagwa kwenye makarasha, na mali hupimwa na kuandikwa daftarini. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu ni kazi ya watu wengi wanaotegemea hesabu moja bila kuonana uso kwa uso, na kompyuta ya leo ni hivyo hivyo.

Tuseme karani wa Saza anapima mali ya siku, anaandika uzito kwenye karatasi, na karatasi anaitia katika basi liendalo Mkwajuni, makao makuu ya wilaya. Halafu anampigia simu mwenzake wa Mkwajuni, anamwambia: “Hesabu ya leo iko tayari.” Karani huyu hakukosea hatua hata moja. Aliandika kwanza, akatangaza baadaye. Lakini simu hufika papo hapo, na basi bado liko njiani. Mwenzake anafungua jalada, anakuta karatasi ya jana, anaidhani ndiyo ya leo, analipa kwa uzito wa jana. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyezembea. Mambo yaliyotendwa kwa mfuatano mmoja Saza yameonekana kwa mfuatano mwingine Mkwajuni.

Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda ndani ya kompyuta yenye prosesa zaidi ya moja. Kumbukumbu kuu ni ya polepole mno ikilinganishwa na kasi ya prosesa. Kwa hiyo prosesa haisubiri. Huyaweka maandishi yake kwanza katika akiba ndogo iliyo karibu nayo, ikaendelea na kazi, na maandishi hayo huyafikia macho ya wengine baadaye, mengine mapema na mengine kwa kuchelewa. Zaidi ya hayo, programu inayogeuza maandishi ya mtungaji kuwa lugha ya mashine huruhusiwa kubadilishana mistari, ilimradi uzi mmoja ukijitazama wenyewe usione tofauti. Kila uzi huiona kazi yake mwenyewe kwa mfuatano ulioandikwa. Uzi mwingine, ukitazama kumbukumbu hiyo hiyo, hauna ahadi hiyo.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1979 mtaalamu Leslie Lamport alieleza sharti ambalo mashine ya prosesa nyingi ingepaswa kulitimiza ili watungaji wa programu wasishangae: matokeo yawe kana kwamba vitendo vya wote vimetekelezwa katika mstari mmoja, na vya kila mmoja vikabaki kwa mfuatano wake. Watengenezaji wa mashine waliona sharti hilo ni ghali, wakalilegeza, kila mmoja kwa kiasi chake. Lugha ya Java ilitengenezewa upya kanuni zake za kumbukumbu mwaka 2004. Kiwango cha lugha ya C++ cha mwaka 2011 kikaweka daraja sita za ahadi ambazo mtungaji anaweza kuzichagua, kuanzia ile isiyoahidi mfuatano wowote hadi ile inayorudi kwenye sharti la Lamport.

Tofauti za mashine nazo si za vitabuni tu. Prosesa za jamii ya Intel, zilizo katika kompyuta nyingi za ofisini, hushika mfuatano kwa ukali wa kutosha. Jambo kubwa zinaloruhusu ni andiko kuchelewa kuonekana hata likapitwa na usomaji uliokuja nyuma yake. Prosesa za jamii ya ARM, zilizo katika simu nyingi za mkononi, huruhusu mageuzi mengi zaidi. Kwa hiyo programu yenye kosa la namna hii huweza kujaribiwa mezani mwaka mzima isionyeshe dalili, na siku ikiingia katika simu ikaanza kulipa kwa karatasi ya jana.

Sasa tuyatazame maneno.

“Operesheni za atomiki”

Tafsiri ya kwanza inayomjia mtu ni kutohoa: operesheni za atomiki. Kutohoa si dhambi, na Kiswahili kimetohoa maneno mema maelfu. Lakini neno lililotoholewa huingia katika nyumba ambayo tayari ina watu. Neno operesheni kwetu lina wakazi wawili wa siku nyingi. Mmoja yuko hospitali, katika chumba cha upasuaji. Wa pili ni kampeni ya serikali, na waliokuwapo miaka ya 1970 hawahitaji kukumbushwa Operesheni Vijiji. Neno atomiki nalo limekwisha kupewa bomu na nishati, na tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki. Karani wa masjala akipokea barua yenye kichwa “Mafunzo ya Operesheni za Atomiki”, hatutamlaumu akiipeleka kwenye Tume hiyo.

Ubaya mkubwa zaidi si huo wa kuchekesha. Wagiriki walipounda neno hilo walikusudia kitu kisichokatika. Wataalamu wa kompyuta walilichukua kwa maana hiyo ya kale, hali shule zetu humfundisha mtoto kwamba atomi ina kiini na elektroni, yaani inakatika. Kwa hiyo neno linamfundisha mwanafunzi kinyume cha jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Pale kwenye karasha la Saza kuna ubao mmoja wa hesabu ya viroba, na makarani wawili. Ubao unasema 40. Karani wa kwanza anasoma 40. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma 40. Wa kwanza anaandika 41. Wa pili anaandika 41. Vimeingia viroba viwili, kimeandikwa kimoja, na mwenye duara amepoteza mali yake bila mwizi. Dawa ni kwamba kusoma, kujumlisha na kuandika viwe tendo moja ambalo mwingine hawezi kuingia katikati yake. Ama limetendeka lote, ama halijatendeka.

Kiswahili kina neno fupi kwa sifa hiyo: -zima. Kitu kizima ni kile kisichomeguka wala kupungukiwa. Tunapendekeza kitendo kizima, wingi vitendo vizima. Lipo pia pendekezo la kitendo kisichogawanyika, ambalo ni sahihi lakini ni refu, na neno refu likitumika mara ishirini katika ukurasa mmoja hukatwa na watumiaji wenyewe, kila mtu kwa namna yake.

“Mpangilio wa kumbukumbu”

Hili ndilo neno linalopoteza watu zaidi, nalo linapoteza kwa sehemu zake zote mbili.

Tuanze na kumbukumbu. Hatupendekezi liondolewe, limekwisha kuzoeleka kwa maana ya sehemu ya kompyuta inayohifadhi data, na istilahi iliyozoeleka ina haki zake. Lakini mtafsiri akumbuke kwamba katika utumishi wa umma neno hili lina kazi nyingine. Kila barua ya serikali hubeba “Kumb. Na.” juu yake. Kila mkutano una kumbukumbu zake, na tunayo idara ya kumbukumbu na nyaraka za taifa. Kwa mtumishi, “mpangilio wa kumbukumbu” ni kazi ya masjala: majalada yapangwe vipi katika rafu, ya siri wapi, ya wazi wapi. Atasoma ukurasa mzima akidhani anafundishwa namna ya kupanga data ndani ya kompyuta.

Na neno mpangilio linamthibitishia dhana hiyo. Kiingereza kina neno moja, oda, ambalo hubeba mizigo mingi: agizo, utaratibu, mpangilio, mfuatano, hata daraja na amani. Sisi tumelichukua dukani kwa maana ya agizo tu, na mizigo mingine tumeigawa kwa maneno yetu. Huo ni utajiri, na mtafsiri hana ruhusa ya kuutupa. Mpangilio ni wa vitu vilivyokaa mahali: viti, majalada, maua mezani. Utaratibu ni wa kanuni za kutenda: utaratibu wa kuomba likizo. Mfuatano ni wa mambo yanayopokezana kwa wakati: hili, kisha lile. Jambo tunalolizungumzia halihusu mahali data ilipokaa. Linahusu wakati. Basi mpangilio haufai, na utaratibu haufai. Linalobaki ni mfuatano.

Lakini mfuatano wa nini? Hapa sarufi yetu inaweza kutusaidia kuliko kamusi. Kiswahili kina kiambishi -ka-, ambacho kazi yake ni kuonyesha kwamba tendo limefuata tendo. Tukisema “Karani aliandika uzito, akatangaza,” msikilizaji ana haki ya kuamini kwamba tangazo lilikuja baada ya andiko. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayefundishwa jambo hilo darasani. Analinyonya na maziwa. Sasa, kiambishi hicho kina dhana ndani yake ambayo hatuizingatii: kwamba msimulizi na msikilizaji wanauona mfuatano mmoja. Katika kumbukumbu inayoshirikiwa, dhana hiyo imevunjika. Kwa karani wa Saza ni kweli kwamba aliandika, akatangaza. Kwa mwenzake wa Mkwajuni, tangazo lilifika, andiko likafuata. Kila mmoja ana -ka- yake.

Kwa hiyo tunahitaji istilahi mbili pale ambapo tafsiri ya haraka ina moja. Ya kwanza ni mfuatano wa kutenda, yaani jinsi vitendo vilivyoandikwa katika uzi mmoja. Ya pili ni mfuatano wa kuonekana, yaani jinsi vitendo hivyo vinavyodhihirika kwa nyuzi nyingine. Somo zima ni la uhusiano kati ya hivi viwili. Mwalimu aliye na istilahi hizi mbili anaweza kulieleza kosa la basi na simu kwa sentensi moja: mfuatano wa kutenda ulikuwa sahihi, mfuatano wa kuonekana haukuahidiwa. Mwalimu aliye na “mpangilio wa kumbukumbu” peke yake atahitaji saa nzima, na huenda asifike.

Tofauti hii pia inatuokoa katika kosa lililoenea sana, la kudhani kwamba kitendo kikiwa kizima basi na mfuatano umepatikana. Sivyo. Uzima ni ahadi moja, mfuatano ni ahadi nyingine. Karani anaweza kuandika karatasi yake kikamilifu, isiyo na nusu ya tarakimu, na karatasi hiyo nzima ikachelewa njiani vile vile.

“Kuachia” na “kutwaa”

Tumefika kwenye kiini cha uhakiki huu. Kati ya daraja sita za C++, mbili hutumika kwa pamoja ili kuponya kosa la basi na simu. Majina yake ya Kiingereza yametoka katika mambo ya kufuli: mmoja hulitwaa kufuli, akafanya kazi yake, kisha akaliachia. Mtafsiri anayefuata neno kwa neno ataandika kuachia na kutwaa, au kuachilia na kupata. Maneno hayo ni Kiswahili safi, na hayo ndiyo yanayoyafanya yawe ya hatari, kwa kuwa hayamshtui msomaji.

Twaa nini, na uachie nini? Katika matumizi tunayoyazungumzia mara nyingi hakuna kufuli. Mfungwa huachiliwa, ng’ombe huachiliwa, madaraka huachiwa. Katika yote hayo, anayeachia hamlengi mtu wa kupokea, na hasemi lolote juu ya kazi aliyoifanya kabla. Jambo lenyewe ni kinyume. Uzi wa kwanza unapoandika alama yake kwa daraja hili, unasema: yote niliyoyatenda kabla ya alama hii yamekamilika, na atakayeiona alama atayaona. Uzi wa pili unapoisoma alama hiyo kwa daraja la pili, unasema: sitasoma lolote lililo nyuma ya alama hii mpaka nimeiona. Ahadi hupatikana pande zote mbili zikitimia. Upande mmoja peke yake hauleti kitu.

Kila mtumishi wa umma analijua jambo hili kwa jina lake. Ni makabidhiano. Anayehama kituo humaliza kazi zake, huorodhesha mali, kisha hutia sahihi katika hati. Anayeingia husoma hati, hutia sahihi, na kuanzia hapo ndipo anapofungua kabati. Hati ni moja, sahihi ni mbili. Wachimbaji wanalijua kwa namna iliyo kali zaidi. Zamu inayotoka ikiwa imeacha shimoni baruti ambayo haikulipuka, hapana budi iiambie zamu inayoingia kabla mtu hajashuka. Asiyengoja kupokea zamu, akashuka kwa kuwa alisikia watu wakipanda, amesoma alama isiyo na ahadi.

Kwa hiyo tunapendekeza kuandika kwa kukabidhi na kusoma kwa kupokea, na uhusiano unaozaliwa uitwe makabidhiano. Tazama jinsi kanuni za jambo zinavyotoka ndani ya neno lenyewe bila kulazimishwa:

(a) Yaliyotendwa kabla ya kukabidhi yamo katika makabidhiano; yanayotendwa baada yake hayamo. Mtungaji asidai kwamba andiko lake la baadaye nalo limelindwa.

(b) Anayesoma kumbukumbu kabla ya kupokea hana wa kumlaumu.

(c) Pande zote mbili zishike hati moja. Akikabidhi kwa alama hii na mwenzake akapokea kwa alama ile, hakuna makabidhiano. Vile vile mpokeaji akisoma alama kabla haijaandikwa, bado hajapokea kitu.

(d) Aliyepokea akimkabidhi wa tatu, yale ya kwanza yamo pia. Wa tatu hahitaji kwenda kumwuliza wa kwanza.

Hakuna hata moja ya kanuni hizi inayotoka katika kuachia na kutwaa. Wako watakaopendekeza kutangaza badala ya kukabidhi, na neno hilo lina uzuri wake. Lakini kutangaza ni kazi ya mtu mmoja, na karani wetu wa Saza alitangaza sawasawa. Kilichokosekana ni makabidhiano.

Haki inatutaka tutaje na kasoro ya pendekezo letu. Anayekabidhi ofisi huondoka, na anayekabidhi ng’ombe hubaki mikono mitupu, hali uzi unaokabidhi haupotezi chochote. Huendelea kusoma kumbukumbu ile ile. Tunajibu kwamba anayekabidhi taarifa hubaki na nakala yake. Hata hivyo fasili iseme wazi kwamba kinachokabidhiwa ni habari na si umiliki.

Istilahi nyingine kwa ufupi

Daraja la chini kabisa, lisiloahidi mfuatano wowote kati ya alama na mambo mengine, wengine wameliita legevu au dhaifu. Maneno haya ni ya lawama. Hakuna mtu anayekubali kutumia kitu dhaifu katika mfumo wa fedha. Lakini daraja hili ni zuri mahali pake: ubao wa kuhesabu viroba, ambapo tunataka jumla iwe sahihi jioni na hatujali hesabu nyingine ionekane lini, hauhitaji zaidi ya uzima. Tuseme bila sharti la mfuatano.

Daraja la juu ni lile la Lamport. Tofauti yake na makabidhiano tuione Tunduma, ambako kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde kilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Ndani ya foleni moja ya malori kila dereva anamjua aliye mbele yake. Kati ya foleni mbili, ofisa aliyesimama huku anaweza kusema lori la foleni ya kwanza lilitangulia, na aliyesimama kule akasema la foleni ya pili, na kila mmoja akaapa kwa alichokiona. Makabidhiano hayawapatanishi hao. Kinachowapatanisha ni daftari moja ambalo malori yote huandikwa, na wote wawili wakubaliane nalo. Basi daraja hili liitwe mfuatano mmoja kwa wote. Kuna gharama: kila lori lisubiri daftari.

Amri inayozuia vitendo vya kabla na vya baada kuvukana, wengine wameitafsiri ukuta au uzio. Ukuta hauvukwi kamwe, na uzio hulinda shamba. Kinachotakiwa ni kitu kinachosimamisha kwa muda mpaka waliotangulia wapite, nacho barabarani kinaitwa kizuizi.

Mwisho, pale nyuzi mbili zinapogusa data moja bila mfuatano uliowekwa kati yao, na angalau mmoja ukiandika, wengine wamesema mbio za data. Kwetu mbio zinazojulikana kuliko zote ni Mbio za Mwenge wa Uhuru, ambazo Mwenge hukabidhiwa mkoa kwa mkoa, na hakuna anayeshindana na mwenziwe. Yaani neno hili kwa Mtanzania huita makabidhiano, hali jambo lenyewe ni kukosekana kwa makabidhiano. Liitwe mgongano wa data.

Hoja ya wanaopinga

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni bure, kwa kuwa mtungaji wa programu ataandika amri zake kwa Kiingereza hata hivyo. Ni kweli ataziandika. Lakini makosa tunayoyazungumzia hayatoki katika tahajia ya amri. Hutoka katika fikira ya mtu aliyekaa akijiuliza: je, huyu akiona hiki, ameona na kile? Swali hilo mtu hujiuliza kwa lugha anayoifikiria, na wengi wa vijana wetu hulifikiria kwa Kiswahili. Akiwa na neno linalosema mpangilio, atakagua mpangilio, aukute mzuri, atie sahihi. Hasara itaonekana kwenye hesabu ya mtu mwingine, mahali pengine, na haitarudiwa akijaribu kuionyesha.

Mapendekezo

Kwa hayo tunaleta mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo, kila moja na fasili yake:

Kitendo kizima: kitendo katika kumbukumbu ambacho uzi mwingine hauwezi kukiona kikiwa nusu wala kuingia katikati yake.

Mfuatano wa kutenda: jinsi vitendo vya uzi mmoja vinavyofuatana katika programu yake.

Mfuatano wa kuonekana: jinsi vitendo vya uzi mmoja vinavyodhihirika kwa nyuzi nyingine.

Kuandika kwa kukabidhi: kuandika alama kwa ahadi kwamba yaliyotangulia yataonekana kwa atakayeipokea.

Kusoma kwa kupokea: kusoma alama kwa sharti kwamba yanayofuata hayatasomwa kabla yake.

Makabidhiano: uhusiano kati ya uzi uliokabidhi na uzi uliopokea alama ile ile.

Bila sharti la mfuatano: sifa ya kitendo kizima kisichoahidi mfuatano na vitendo vingine.

Mfuatano mmoja kwa wote: hali ambayo nyuzi zote hukubaliana juu ya mstari mmoja wa vitendo.

Kizuizi: amri inayozuia vitendo vya kabla na vya baada yake kuvukana.

Mgongano wa data: nyuzi mbili kugusa data moja bila mfuatano kati yao, mmoja wao ukiandika.

Tungependa orodha hii ipimwe kwa namna tofauti na orodha za vitu. Isisomwe tu kwenye kamati neno kwa neno. Kila istilahi itiwe katika sentensi yenye ndipo: “Karani wa Saza akishakabidhi, na wa Mkwajuni akishapokea, ndipo malipo yafanyike.” Istilahi inayokaa vizuri hapo imelijua jambo lake. Inayokwama irudishwe, hata kama ni yetu. Walimu watakaoijaribu darasani, na watafsiri watakaoikuta haitoshi, tunawaomba watuandikie mahali hasa ilipokwama, pamoja na sentensi waliyokuwa wakiiandika.